Hewa ya Gredi ya Pili

Mimi ndiye huosha Gredi ya Pili. Naosha madarasa mengine pia, na vyoo, na ofisi ya mwalimu mkuu, lakini Gredi ya Pili ndiyo iliyonizeesha. Iko mwisho wa jengo refu, upande wa barabara kuu ya Outering, na kati ya madirisha yake na magari kuna ukuta wa kimo cha mtu, mtaro, na njia ya waendao kwa miguu. Ukipanguza madawati saa moja asubuhi, saa nne mtoto ataandika jina lake juu yake kwa kidole. Nawafokea, napanguza tena, na kitambaa kinatoka cheusi. Si weusi wa udongo. Ni ule wa mafuta, unaokataa sabuni ya kipande na sabuni ya unga vilevile.

Mbele ya lango letu kuna tuta. Tulilipigania sisi wazazi, mwaka ule mtoto wa Gredi ya Nne alipogongwa na pikipiki. Tulikaa katikati ya barabara na matawi mikononi mpaka wakaja kulimwaga. Sasa kila lori hupunguza mwendo hapo, linapanda, linashuka, kisha dereva anakanyaga mafuta, na moshi wote unapita juu ya ukuta kuingia Gredi ya Pili. Tangu tuliweke hakuna mtoto aliyegongwa. Kwa hivyo sijawahi kusikia mtu akisema liondolewe, na mimi sitasema.

Kitinda mimba wangu, Elsie, yuko Gredi ya Pili. Ana miaka minane na ana pumu. Dawati lake lilikuwa kando ya dirisha, la tatu kutoka mbele. Nilikuwa nimemwomba mwalimu wake, Mwalimu Nzisa, amhamishie upande wa mlango, mbali na barabara. Hakunikatalia kwa ubaya. Alinionyesha rejista.

"Mama Elsie, niko na watoto sitini na wawili," alisema. "Kumi na mmoja ni wagonjwa wa kifua. Hao kumi wengine wako huko mlangoni tayari. Nikimtoa wako, nimweke nani hapa?"

Nilichukua ndoo yangu nikaenda.

Basi Mwalimu Mkuu Wathome alipotuita ukumbini mwanzo wa muhula na kutuambia kuna watu wa chuo wanaokuja kupima hewa, mimi ndiye niliyesikiliza kuliko wote. Shule tano za Eastlands zingepimwa kwa wiki nne. Moja ilikuwa academy, shule ya kulipia, ndani ya Buruburu, kwenye ua wa kayaba na miti ya zamani, ambako lori halifiki hata kwa kupotea njia. Hiyo, alisema, imewekwa ya kulinganisha tu. Katika zile nne za serikali, itakayoonekana kuwa na hewa mbaya zaidi ingejengewa madarasa manne upande wa nyuma, mbali na barabara. Mfadhili alikuwa amekwisha kutia sahihi. Mwalimu Mkuu akanyoosha kidole kuelekea uwanja wetu wa nyuma, pale tunapoanika magodoro ya nasari, akasema Gredi ya Pili ndiyo itakayohama kwanza.

Nilifika nyumbani Mowlem nikamwambia Javan, mume wangu, kwamba mtoto atatoka dirishani. Javan hubeba mizigo Industrial Area na akifika jioni hana maneno mengi. Aliniuliza nani kasema. Nikamwambia ni mwalimu mkuu, na kwamba shule yetu haiwezi kushindwa, maana hakuna shule ya Nairobi hii inayokula moshi kama sisi. Nilicheka nikisema hivyo. Ni mara ya kwanza nilijivunia uchafu.

Msichana wa chuo aliitwa Kavinya. Alikuja na ngazi na kisanduku cheupe, ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto, akakifunga kwenye ukuta nje ya dirisha la Gredi ya Pili. Kilikuwa na matundu madogo ubavuni na taa moja ya kijani. Alinieleza kuwa ndani yake kuna laini ya simu, inatuma hesabu yenyewe chuoni, na yeye atakuwa anapita kila Ijumaa saa nne kukagua.

"Mama, wewe ndiye unaosha hapa?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Sasa, hii kitu ni ghali sana, na si yangu. Nimepewa tu. Nisaidie kuitunza, tafadhali. Isimwagiwe maji, watoto wasiirushie mawe. Ikiharibika, kazi yangu imeisha."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Alikuwa mdogo, na viatu vyake vilikuwa vimeshashika masizi kutoka langoni tu. Nilimhurumia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kukitazama. Siku moja tu, na kile kisanduku cheupe kilikuwa kimeanza kuwa cha kijivu. Nilipitisha kidole kikatoka cheusi. Nilisikia aibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike kidogo akamrudisha na kamasi. Kwetu kitu cha maana hufunikwa. Mama yangu alifunika redio, alifunika birika la wageni, alifunika hata picha ya baba ukutani msimu wa vumbi. Nyumbani kwangu viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina chake, na rimoti iko ndani ya nailoni yake tangu siku tuliyoinunua. Majirani hawawezi kusema Selpher huacha vitu uchi.

Nilileta ile nailoni iliyokuja na televisheni, niliyokuwa nimeikunja chini ya godoro kwa miaka mitano. Nikapanda benchi, nikakipangusa kisanduku vizuri, nikakivisha nailoni, nikaifunga chini kwa mpira. Ile taa ya kijani ilionekana bado inawaka, nikaridhika. Juu yake nikatandika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya manjano pembeni. Mwalimu Nzisa alitoa kichwa dirishani akacheka.

"Mama Elsie! Kumbe hata mashine umeivalisha!"

"Wageni wakija waseme nini?" nikamjibu. Watoto nao wakacheka. Elsie alinitazama akiwa na fahari, kwa sababu mama yake ndiye aliyeachiwa kile kitu.

Ijumaa, kabla ya saa nne, nilitoa kitambaa na nailoni, nikakipiga kisanduku kitambaa cha majimaji, nikakiacha wazi kinang'aa. Kitu kikifunikwa, si ufunue mgeni akifika? Kavinya alikuja, akapanda ngazi yake, akafungua, akafunga.

"Ee, mama, umekitunza!" alisema. "Kule kwingine ni vibaya, unakuta kimeshakuwa cheusi."

Nilimpa chai. Alipoondoka saa tano nilikivisha tena. Ndivyo nilivyofanya wiki zote nne, na nitasema ukweli, zilikuwa wiki nzuri. Nilikuwa na kazi ambayo mtu aliiona. Elsie alikohoa mara mbili usiku kucha katika wiki hizo, na mara moja tulimkimbiza kliniki, lakini hata hilo nililivumilia kwa urahisi. Nilikuwa namwambia, kaza roho, unahama.

Matokeo yalisomwa Jumamosi moja kwenye mkutano wa wazazi. Walitundika shuka ukutani na Kavinya akarusha picha kwa mashine. Kila shule ilikuwa na mstari wake. Mstari ukiwa chini, rangi ni ya kijani, hewa ni nzuri. Ukipanda unakuwa wa njano, kisha mwekundu. Alianza na shule ya Majengo, na mstari wake ulikuwa mwekundu toka mwanzo mpaka mwisho, wazazi wakaguna. Akaonyesha nyingine mbili, njano na nyekundu. Halafu akaonyesha academy ya Buruburu, kijani.

Halafu sisi. Kijani.

Nilidhani amekosea picha. Aliirudia. Sisi na academy tulikuwa karibu sawa, wametupita kidogo tu. Kavinya mwenyewe alikuwa anakunja uso akieleza. Alisema pengine upepo wa upande huu unapeleka moshi kwingine, na kwamba hewa ina mambo yake, macho hayatoshi, ndiyo maana watu hupima.

Mzazi mmoja, Opicho, fundi wa viatu, akasimama nyuma.

"Yaani watoto wetu na wa academy wanavuta hewa moja?"

"Kwa hesabu hizi, karibu moja," alisema Kavinya.

"Na hapa hatulipi karo!" akasema Opicho.

Watu wakapiga makofi. Walicheka, wakagongana mabega, mama mmoja akapiga vigelegele. Nilimwona Mwalimu Mkuu. Uso wake ulikuwa umeanguka, alikuwa akiyaona madarasa yake manne yanaondoka, lakini makofi yalipozidi alisimama akainua mkono na kutabasamu. Mtu akipigiwa makofi afanye nini?

Kavinya alikuwa hajamaliza. Alituonyesha kitu kimoja ambacho, alisema, kiliwasumbua. Kila Ijumaa, kati ya saa nne na saa tano, mstari wetu ulipaa mpaka juu kabisa ya shuka, juu kuliko hata wa Majengo. Saa moja tu, kisha unaanguka tena.

"Tulishindwa kuielewa," alisema. "Lakini ni saa ileile nilikuwa nakuja kukagua, so tukaona labda ni mimi nikiifungua ndiyo inachanganyikiwa. Tuliitoa kwenye hesabu."

Hapo ndipo nilipojua. Sikuambiwa na mtu. Niliona ile saa moja, Ijumaa nne, na nikaona mikono yangu ikitoa nailoni. Nilikaa pale nikiangalia shuka, na sikusikia kitu. Watu walipokuwa wakitoka nilikusanya viti nikavipanga, kumi kumi, kama kawaida.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu bila ndoo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nailoni, mpira, kitambaa, Ijumaa. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea, maana mimi mwenyewe ningekuwa nimeshapiga kelele. Alivua miwani akaiweka juu ya daftari.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu Nzisa aliona kimefunikwa. Lakini hajui maana yake."

Alimpigia Kavinya simu akaiweka kwenye spika. Nikarudia tena. Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Ulifunika na nini, mama?"

"Nailoni."

"Wiki zote?"

"Isipokuwa Ijumaa ukija."

Alivuta pumzi. "Makosa ni yangu," alisema. "Nilikwambia uitunze. Sikukwambia lazima ipumue." Alikuwa karibu kulia, na ni yeye aliyekuwa msomi. Mwalimu Mkuu alimuuliza kama inawezekana kupima tena. Mashine zilikuwa zimeshapelekwa Mombasa kwa mradi mwingine. Kule Majengo, walioshinda na kuambiwa mapema, msingi ulikuwa umeshachimbwa. Alisema atamwandikia mkubwa wake, atajaribu, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetarajia kitu. Mimi nilimwamini kwamba ataandika. Na Majengo siwezi kuwaonea wivu. Watoto wa kule nao wana vifua.

Simu ilipokatika Mwalimu Mkuu alinionyesha kiti.

"Selpher, keti," alisema. Nikaketi. "Madarasa yameenda. Hayo tusahau. Lakini tangu Jumamosi napigiwa simu. Wazazi wanataka kuleta watoto, wengine wanatoka mbali. Nikipata watoto wa kutosha, nitaomba walimu wawili zaidi, na nitapewa. Nzisa hatafundisha sitini na wawili peke yake. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Ukitoka hapa uanze kuwaambia watu hewa ni mbaya, hatupati madarasa na hatupati walimu. Tutakuwa tumepoteza mara mbili."

Nilimwambia naelewa. Alikuwa mtu mzuri, bado ni mtu mzuri. Aliandika barua miaka miwili akiomba ukuta uongezwe, na hakujibiwa hata moja. Alinitazama akaona sijainuka.

"Unataka nini?"

Sikuwa nimepanga kusema. Lilitoka tu.

"Elsie atolewe dirishani."

Alichukua kipande cha karatasi akaandika mstari mmoja kwa Mwalimu Nzisa, akatia sahihi. Nilikipeleka mwenyewe. Mwalimu Nzisa alikisoma, akanitazama, akakikunja akakiweka mfukoni. Hakunionyesha rejista safari hii. Alisogeza madawati ya upande wa mlango mpaka mtu hawezi kupita, akapata nafasi. Elsie alibeba mkoba wake akahama. Dawati la dirishani lilibaki tupu, na kwa siku chache nilikuwa nalipanguza kama mengine.

Usiku wa wiki ile Elsie alikohoa kidogo. Wiki iliyofuata alizidisha kidogo, lakini hatukwenda kliniki. Javan aliniuliza kama ndiyo yale madarasa mapya yamefanya kazi. Nilimwambia yamekwama, ila mtoto amehamishwa kiti. Akasema ni sawa, si mtoto anapumua? Nikasema anapumua. Nilikuwa nangojea nisikie vibaya, kweli nilikuwa nangojea, nikiwa napika, nikiwa naosha vyoo. Hakukuja kitu. Kulikuwa na kazi tu.

Karatasi ilibandikwa langoni, ndani ya fremu ya kioo, na mstari wetu wa kijani na maneno makubwa kwamba hii ni shule yenye hewa safi. Niliambiwa niwe nakipangusa kioo asubuhi na mchana, la sivyo haisomeki.

Watoto wapya walianza kuja katikati ya muhula. Wanane, kisha kumi na tano. Jumatano moja nilikuwa namalizia Gredi ya Pili wakati wa mapumziko mafupi, Elsie akiwa amebaki dawatini kwake anakula mandazi, Mwalimu Nzisa akamleta mama mmoja na msichana mwembamba aliyevaa sweta mbili. Mama aliitwa Nthambi. Mtoto, Katunge. Mwalimu Nzisa alimwonyesha dawati la dirishani, akasema ndilo lililobaki, akatoka haraka kwenda kuita watoto.

Nthambi alimketisha mtoto akamfungua vifungo vya sweta ya juu. Nilisikia kile kifua kutoka nilipokuwa. Ninakijua, kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Alimpa pampu yake ya pumu, akamshikia, akahesabu mpaka kumi kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia.

"Dada, samahani. Wewe unashinda hapa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nimemtoa shule ya huko Kariobangi, karibu na taa za kuongozea magari. Daktari aliniambia nikiweza nimtafutie mahali pasipo moshi. Mimi sina pesa ya academy. Halafu nikasikia kuhusu hii yenu." Alikuwa ananiangalia usoni. "Lakini hii barabara naiona hapa. Hiyo karatasi ya langoni, ni ukweli?"

Elsie aliacha kutafuna. Nje lori lilifika kwenye tuta, likapanda, likashuka.

"Ni ukweli," nikamwambia. "Walipima."

"Walipima kwa mashine?"

"Kwa mashine. Wiki nne."

Nthambi alifumba macho akasema asante Mungu, polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo aliotoka nao mbali. Alinishika mkono uliokuwa na kitambaa akaniambia na mimi asante. Kisha akainama juu ya mtoto, akasukuma dirisha mpaka likafunguka lote, ili apate hewa.